UZI: Refa tunamzomea, wa ofisini tunawaachia. Amaan, Rabat na ile Machi 8

Mnyama wa Magomeni (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite zake.

Mimi ni shabiki wa Simba. Nalisema mapema ili Uto, mashabiki wa Yanga, wasije wakajiona wamefichua siri. Ni mtoto wa Unguja, na Simba nimeirithi kwa ami yangu kama wengine wanavyorithi mikarafuu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nayaandika nikiwa ndani ya nyumba.

Toka ile fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba na Berkane ya Morocco, Mei 25, 2025, pale uwanja wa New Amaan hapa Unguja, kila baraza ninayokaa hadithi ni hiyo hiyo: tulidhulumiwa. VAR, wale waamuzi wa video, ilitumwa. Waarabu wananunua. Januari 2026 Taifa Stars wakatolewa na Morocco kule Rabat, wimbo umerudi kwa sauti ya juu zaidi. Na mimi nasema, kesi hizi mbili si moja, na kuzichanganya ndiko kunakotufanya tuonekane watu wa kulia lia.

Tuanze na Amaan. Dakika ya 17 Joshua Mutale anatufungia. Uwanja wa watu elfu kumi na tano, lakini mlio ule nadhani ulisikika mpaka Bububu. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, kanzu nyeupe, jezi nyekundu kaivaa juu ya kanzu, kofia ya kiua kichwani. Bao lilipoingia akaivua kofia akaipunga, ikamtoka mkononi ikaangukia safu za chini kabisa. Wallahi ile kofia ilipita mikono ya watu wasiomjua wala yeye hawajui, safu kwa safu, mpaka ikamrudia kichwani. Hiyo ndiyo Amaan ninayoikumbuka.

Kipindi cha pili hata hakijapoa, Kagoma wetu kadi nyekundu. Tumebaki kumi. Na bado tulisukuma, hilo wapeni vijana haki yao. Mukwala akaja kuweka mpira kambani, jumla ingekuwa mbili kwa mbili, watu wameshakumbatiana, wengine wanalia. Kisha refa kidole sikioni. Yule mzee alikuwa wa kwanza kukaa. Akasema neno moja tu: "Kaotea." Marudio yenyewe hajayaona.

Na kweli kaotea, bao likafutwa. Kuotea ni kipimo jamani. Unapiga mstari, mguu umepita au haukupita. Huwezi kumwambia refa atuonee huruma kwa kuwa tumebaki kumi au kwa kuwa ami yangu alikuwa na presha. Dakika ya tatu ya nyongeza Soumaila Sidibe akasawazisha, 1-1, jumla 3-1, Berkane wakabeba kombe lao la tatu baada ya 2020 na 2022.

Sasa niambieni nani alizungumzia mechi ya kwanza. Mei 17, kule Berkane, dakika ya 8 Mamadou Camara, dakika ya 14 Oussama Lamlioui. Robo saa haijatimia tumeshachinjwa. Na si kwamba ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga pale. Msimu wa 2021/22, hatua ya makundi, tulikwenda Berkane tukapigwa 2-0, nyumbani tukashinda 1-0 kwa bao la Sakho. Matokeo yale yale, uwanja ule ule, miaka mitatu baadaye. Hilo ni swali la benchi la ufundi na la uongozi: mlijiandaa vipi kwa dakika ishirini za mwanzo ugenini? Sijamsikia hata mmoja akiuliza. Wote tuko bize na kibendera.

Halafu kuna suala la uwanja. Mimi Mzenji nilifurahi kuliko neno furaha, nimekwenda fainali ya Afrika kwa miguu yangu na nimerudi kwa miguu yangu. Lakini kama Simba, tulitoka uwanja wa Mkapa, Dar, penye watu elfu sitini tukaja pa elfu kumi na tano kwa sababu CAF, wasimamizi wa mpira wa Afrika, walisema eneo la kuchezea la Mkapa halifai. Mvua za masika si jambo la dharura, zipo kila mwaka na mwezi wake unajulikana. Nani aliwajibika? Nani aliitwa akaulizwa? Walizungumza wiki nzima, wakalaumu CAF, mechi ilipokwisha tukawapa refa wa kumzomea na wao wakapumua.

Rabat ni jambo jingine. Januari 4, 2026, kumi na sita bora, mara ya kwanza katika historia yetu kuvuka makundi ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika. Tumevuka kwa pointi mbili bila kushinda mechi, sawa, mtucheke, lakini tumevuka: tumefungwa na Nigeria 2-1, sare na Uganda, sare na Tunisia kwa bao la Feisal, kijana wetu huyu. Brahim Díaz akatufunga dakika ya 64. Kisha dakika za nyongeza Iddy Nado anaangushwa ndani ya boksi na Adam Masina, refa anapeta, na hata kwenda kwenye runinga pembeni ya uwanja hakwenda. Hii si kipimo, hii ni busara ya mtu. Penye busara ya mtu ndipo ile runinga ilipowekewa. Mbele ya mwenyeji, kwenye uwanja wake, dakika za mwisho: nenda kaangalie, ukirudi ukisema si penalti tutanuna lakini tutakuwa tumekuona umekwenda. Hapo tuna haki ya kulalamika, na tumelalamika vizuri, kisha tukaharibu kwa kuichanganya na kuotea kwa Mukwala.

Machi 8, ile mechi ya ligi ya Yanga na Simba iliyoahirishwa, sitaki kuimaliza maana haimaliziki. Usiku wa Machi 7, 2025, Simba wanakwenda Mkapa kufanya mazoezi, wanasema wamezuiwa na makomandoo, yaani walinzi, wa Yanga. Kanuni inampa mgeni haki ya kuujaribu uwanja. Simba wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku ile ile ya mechi, watu wameshakuwa njiani. Vijana wa maskani yetu walikwisha kuvuka kwa boti ya asubuhi, wamekaa Dar na tiketi mkononi kama wamefiwa. Yanga wakaenda uwanjani, wakadai pointi tatu, wakafika mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, wakaambiwa wamalize kwanza ngazi za nyumbani. Mechi namba 184 ikaja kuchezwa Juni 25, na waamuzi tukawaleta kutoka Misri. Yanga 2-0, penalti ya Pacôme na bao la Mzize. Siku ile Simba tulikuwa nyuma kwa pointi moja tu, tukafungwa kihalali, ubingwa wa nne mfululizo ukaenda Jangwani kwa Yanga.

Angalieni: kosa la nani aliyefunga geti la uwanja, na la nani aliyesubiri mpaka siku ya mechi ndipo aamue, likatibiwa kwa kubadilisha refa. Mkasa ulitokea usiku, uwanjani hamna mpira wala filimbi, na dawa yake ikawa filimbi ya Misri!

Haya, mimi nimemaliza. Kahawa ipo, karibuni.

---

Mkaa Baraza

Nimesoma mpaka mwisho, hongera kwangu.

---

Mwananchi wa Kikwajuni

Kolo (ndiyo nyie Simba) wa kwanza kusema ukweli tangu Novemba 5, 2023, tulipowapiga 5-1. Tano zinafundisha.

Ila nikurekebishe kidogo. Sisi Yanga 2023 tulikwenda fainali ile ile ya Shirikisho, USM Alger wakatupiga 2-1 kwa Mkapa, tukaenda Algiers tukawapiga 1-0 kwao, kombe likabaki kwao kwa bao la ugenini. Umemsikia Mwananchi, mtu wa Yanga, akisema tumedhulumiwa? Tuliponda sheria ya bao la ugenini siku mbili, tukarudi kazini. Mkumbuke na nyie fainali ya Kombe la CAF 1993, mlikwenda Abidjan kwa Stella mkapata sare tasa, mkarudi nyumbani Stella wakawapiga mbili. Siku hizo hata VAR haijazaliwa, mlimlaumu nani?

Na Machi 8 usituchanganye. Timu iliyokuja uwanjani ni moja. Makomandoo makomandoo, kwani wachezaji wenu walikuwa wanaogopa geti? Mngekuja mcheze kisha mlalamike. Hatukupewa pointi tatu zetu tukasema hatuchezi, tukaombwa na wakubwa, tukacheza, tukawafunga. Mnataka nini tena?

---

Mnyama wa Magomeni (mleta uzi)

Ami wee, umekuja na vitabu kabisa, mpaka Stella!

Hili la "mngekuja mcheze kisha mlalamike" silikatai moja kwa moja. Lakini na nyie mliposema hatuchezi mlikuwa mnatumia dawa ile ile mliyotukataza. Ndiyo maana nasema kosa la mwanzo ni la ofisi. Ofisi ingetoa hukumu ndani ya siku tatu, yenye maelezo, ama pointi kwenu ama tarehe mpya na faini kwa aliyefunga geti, msingefika CAS na sisi tusingekuwa na pa kujifichia. Walikaa kimya miezi, kila upande ukajitungia sheria yake.

---

Filimbi ya Zamani

Nimechezesha mpira mitaa ya Ng'ambo na ligi za madaraja miaka mingi kabla magoti hayajanigomea, niruhusuni.

Mleta uzi umesema vizuri kwenye kuotea. Kwenye Nado umepotoka. Watu wanadhani refa asipokwenda kwenye runinga basi tukio halikuangaliwa. Si hivyo. Walioko chumba cha VAR wanaangalia kila tukio la bao, la penalti, la kadi nyekundu ya moja kwa moja na la mchezaji kuadhibiwa badala ya mwenzake. Mpaka mechi ile ya Rabat yalikuwa hayo manne tu. Wanaliangalia kimya kimya, mchezo unaendelea. Refa anaitwa pembeni pale tu wanapoona amefanya kosa la wazi. Wakiona ni tukio la "ungeweza kutoa, ungeweza usitoe", wanamwachia uamuzi wake. Kwa Nado yawezekana kabisa waliona ni la namna hiyo.

Mimi ningetoa penalti? Ningetoa. Mguso ulikuwa wa nyuma na mpira haukuchezwa. Lakini ninavyoona miye si lazima aone mwenzangu, na kuitwa pembeni si haki ya timu, ni haki ya refa.

Mnachotakiwa kudai ni sauti. Februari 2023, Kombe la Dunia la klabu, tena lilichezwa Morocco hiyo hiyo, FIFA walianza kumpa refa kipaza sauti aueleze uwanja nini kimeangaliwa na uamuzi ni upi. Kombe la Dunia la wanawake mwaka ule ule wakafanya tena. Refa akisema "tumeangalia, mguso haukutosha", mtazomea, lakini mtajua mnachokizomea.

---

Mnyama wa Magomeni (mleta uzi)

Maalim, hapo umenipa elimu. Ila ona, hoja yangu inazidi kusimama. Kipaza sauti hakinunuliwi na refa. Kinaamuliwa na wenye shughuli. Refa wa Rabat alibaki peke yake na aibu, aliyeamua asisikike anakunywa chai.

---

Chake Damu

Nyie wa Unguja mmejaza uzi mzima Simba, Yanga, Morocco. Hata mstari mmoja wa Zanzibar hamna, isipokuwa Feisal. Na Feisal mmemkumbuka kwa kuwa kafunga akiwa na jezi ya Taifa Stars. JKU, klabu ya hapa Zanzibar alikotokea, mnaijua? Mara ya mwisho kuiona uwanjani lini?

Januari 13, 2025, Gombani hapa Pemba, fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, imeifunga Burkina Faso 2-1. Burkina Faso! Taifa lenye wachezaji Ulaya, hata kama hawakuja wale wakubwa. Watu walipanda miti, watu walikaa juu ya paa za magari nje ya ukuta. Mlifungua uzi? Kwenye orodha ya FIFA ule ushindi haupo, maana sisi kule hatupo.

Ofisi ofisi mnazosema, sisi ofisi ilitunyang'anya nchi nzima. Machi 16, 2017, Addis Ababa, tumekuwa mwanachama wa 55 wa CAF, watu wamechinja mbuzi. Julai 21 mwaka huo huo, Rabat, wamekaa mkutano mwingine wamefuta. Hoja yao: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hamkuijua mwezi wa tatu? Rabat hiyo hiyo mnayoililia kwa penalti moja ilitufungia mlango tarehe ile, na hakukuwa na refa wala VAR.

Na Desemba ile ile vijana wakaenda Kenya kwenye kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, wakawafunga Kilimanjaro Stars ya Bara 2-1, wakawafunga Uganda 2-1 nusu fainali, fainali wakashindwa na mwenyeji kwa matuta (mikwaju ya penalti) baada ya 2-2. Timu isiyo na haki ya kucheza kufuzu kombe lolote la Afrika. Nimemaliza, nakwenda kuvua.

---

Mwananchi wa Kikwajuni

Mpemba kaja na moto leo.

---

Mnyama wa Magomeni (mleta uzi)

Chake Damu, yakhe, umenipiga panapouma na sina pa kukwepea. Tarehe zako ni sahihi zote.

Nikuongezee. Januari 13, 2024, fainali ya Mapinduzi pale Amaan, wiki mbili tu baada ya uwanja kufunguliwa upya. Mlandege 1, Simba 0, bao la yule Mganda Akandwanaho. Mlandege walikuwa mabingwa watetezi, mwaka uliotangulia waliwapiga Singida. Sasa fikiria: timu ya mtaa wa hapa, inacheza nyumbani, inaifunga Simba, na zaidi ya nusu ya uwanja imenuna. Na mimi nimo. Nimetoka pale nimekutana na binamu yangu wa Mlandege anacheka peke yake barabarani kama mwendawazimu, hana wa kushangilia naye.

Tumekuwa wenye nyumba nzuri tunayowapangishia watu. Nusu fainali Simba na Stellenbosch, Amaan. Fainali na Berkane, Amaan. Fainali ya Shirikisho la Bara, Yanga na Azam 2024, Yanga na Singida 2025, Amaan. Yanga na FAR Rabat Ligi ya Mabingwa, Novemba 2025, Amaan, bao la Dube. Yote nimeyashangilia au kuyanunia. Ligi kuu yetu ya Zanzibar, ya PBZ, ikichezwa uwanja wa Mao mchana wa juma, unaweza kumsikia kocha akimtukana beki wake ukiwa umesimama barabarani.

---

Mkaa Baraza

Mechi bora niliyoiona Amaan ni Sudan na Nigeria, Agosti 2025 kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani. Nne bila! Wasudani vita nyumbani kwao, klabu zao kubwa zimehamia kucheza nchi za watu, wanakuja hapa wanampiga Nigeria nne. Kisha robo fainali wakawatoa Algeria kwa matuta uwanja ule ule. Hakuna aliyefungua uzi kwa sababu hakukuwa na wa kumlaumu.

---

Mwananchi wa Kikwajuni

Ukweli mtupu. Miye nilikuwepo ile ya Nigeria, bao la tatu watu wa jukwaa letu tayari wote Wasudani. Nilitoka nimejifunga bendera ya mtu, mpaka leo iko nyumbani, mwenyewe sikumpata.

---

Filimbi ya Zamani

Chake Damu akirudi kutoka baharini mumwambie hivi. Ligi yenu kila timu ya Pemba inavuka bahari kuja kucheza huku, usiku kwenye meli, kesho yake uwanjani, na marefa wa mechi hizo hawana hata kamera moja ya kuwasaidia. Nimechezesha mechi ya namna hiyo. Mchezaji anatapika bado, unamwambia asimame nyuma ya mstari mpira urushwe. Mnayoyasema ya Rabat yote yapo hapa, tena bila runinga.

---

Chake Damu

Nimerudi. Changu na kolekole kidogo, hali si mbaya.

Filimbi, hiyo ya meli nakubali kwa asilimia zote. Mleta uzi, nina swali moja, jibu bila siasa. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Ikichezwa mechi Amaan, refa akikosea, mtakuja kufungua uzi wa refa au wa wale waliotufuta Julai 21?

---

Mnyama wa Magomeni (mleta uzi)

Nitafungua wa refa, Wallahi. Nakujibu bila siasa kama ulivyotaka. Halafu wewe utakuja ukurasa wa pili utuulize hilo swali tena, na Kikwajuni atasema tano.

---

Mwananchi wa Kikwajuni

Tano.